Chuchu bandia: kabla hujampa kichanga, mtazame kwanza anavyonyonya

Mtoto huanza kunyonya kabla hajaonja maziwa. Vipimo vya ultrasaundi huonyesha vijusi vikinyonya kidole gumba tumboni, na kufikia wiki ya 34 hivi ya ujauzito watoto wengi huwa wameanza kuweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Akizaliwa, mtoto huja na hamu mbili ambazo mzazi mchovu hazitofautishi kirahisi: hamu ya maziwa, na hamu ya kunyonya tu. Ukimtazama kwa utulivu utaziona. Maziwa yanapotoka, taya lake hushuka taratibu na kwa nguvu, kama mara moja kwa sekunde, na unamsikia akimeza. Anaponyonya kujituliza, midomo huenda mbio, kama mara mbili kwa sekunde, kwa vipindi vifupi, na koo halimezi kitu.

Chuchu bandia, ambayo wengi huiita nyonyo, hujibu hamu hiyo ya pili, basi. Haijibu njaa, maumivu, homa, nepi iliyolowa wala haja ya kubebwa. Sisi tunaokaa na wazazi wa vichanga tunaliona jambo hili likijirudia: karibu kila shida ya chuchu bandia huanza pale inapotiwa mdomoni mwa mtoto anayeomba kitu kingine. Ndiyo maana swali la kama ni nzuri au mbaya halitufikishi mbali. La kuuliza ni kama mtoto huyu ameshiba, na kama anayempa ana hakika kwamba ameshiba.

Hakika hiyo huanzia kwenye mizani. Mtoto hupungua uzito siku za mwanzo. Kupungua hadi asilimia 7 ya uzito wa kuzaliwa ni kawaida, na kukikaribia asilimia 10 inabidi mtaalamu akae na mama aone mtoto anavyonyonya. Kati ya siku ya 10 na ya 14 awe amerudia uzito aliozaliwa nao. Kuanzia hapo, kwa miezi 3 ya kwanza, wengi huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani kama gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Nepi nazo zina habari: kuanzia siku ya 5 au ya 6 alowanishe zisizopungua 6 kwa saa 24, mkojo uwe mweupe, na kinyesi kiwe kimetoka kwenye weusi na kugeuka cha njano. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Kama hata kimoja kati ya hivi kinayumba, jibu letu huwa ni "bado", hata kama kilio kimeichosha nyumba nzima.

Sababu yake ni hesabu tu. Mtoto anayenyonya mara 10 kwa siku, akitulizwa kwa chuchu bandia mara 2 wakati ambapo angenyonya titi, amepoteza sehemu moja ya tano ya chakula chake. Halii, kwa hiyo hakuna anayestuka. Hasara huonekana wiki mbili baadaye kwenye kadi ya kliniki. Titi nalo lina kanuni yake: hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa, na likikaa limejaa hupunguza kasi. Homoni ya prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, hupanda kila mtoto anaponyonya, na hupanda zaidi usiku. Kwa hiyo katika wiki za mwanzo, kumnyamazisha mtoto usiku ili mama apate usingizi mrefu ni kuliambia titi kwamba maziwa hayo hayahitajiki. Tunajua usingizi huo unavyotamanika. Hata hivyo ni bora mtu mwingine ambadilishe mtoto nepi, amcheulishe na kumbembeleza, mama ainuke kwa kunyonyesha peke yake.

Watoto wenye hatari zaidi ya kupunjwa hivi si wale wanaolia sana. Ni wale watulivu: aliyezaliwa kabla ya wakati kidogo, mwenye umanjano wa ngozi na macho, au anayelala saa 4 au 5 mfululizo katika wiki ya kwanza. Mtoto wa namna hii hana nguvu ya kudai. Ukimpa kitu cha kunyonya, nguvu yake ndogo inaishia hapo, kisha anasinzia bila maziwa. Huyu huamshwa anyonye, walau kila baada ya saa 3, na chuchu bandia isikaribie kitanda chake mpaka uzito uwe umekaa sawa.

Wazazi wengi hungoja kilio ndipo waseme mtoto ana njaa, ilhali kilio ni dalili ya mwisho. Kabla yake mtoto hugeuza kichwa huku na huku, hufungua mdomo, hutoa ulimi, hulamba midomo, hupeleka mikono mdomoni. Chuchu bandia ikiwa mdomoni, nusu ya dalili hizo huwezi kuziona. Hili peke yake linatosha kuiweka kando mchana katika wiki za mwanzo, mnapokuwa bado mnajifunza kusomana.

Halafu kuna jioni. Watoto wengi wana saa za jioni ambapo hutaka kunyonya, kuachia, kunyonya tena, kwa saa mbili au tatu mfululizo. Hujitokeza zaidi kwenye wiki ya 2 au ya 3, na tena kwenye wiki ya 6 hivi, na kilio cha mtoto mchanga kwa jumla hufikia kilele kati ya wiki ya 6 na ya 8. Mama huamua kwamba maziwa yake hayatoshi. Baba au bibi huamua kwamba mtoto amezoea kudeka. Yote mawili mara nyingi si kweli. Mtoto anakula kwa wingi na anaongeza maziwa ya kesho. Ukikata kipindi hicho kwa chuchu bandia kila jioni, kesho maziwa hayaongezeki, na ile hofu ya kwamba hayatoshi inaanza kuwa kweli.

Kuhusu hofu inayozungumzwa, kwamba chuchu bandia humharibia mtoto namna ya kushika titi, maelezo ni marefu kuliko hofu yenyewe. Mtoto anyonyapo titi hufungua mdomo wazi kabisa, huchukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, na chuchu hufika nyuma karibu na kaakaa laini. Chuchu bandia ni nyembamba, haihitaji mdomo upanuke wala haihitaji juhudi ya kuvuta maziwa. Wapo watoto wanaobadilisha kutoka hii kwenda ile bila shida. Wapo ambao, hasa wakianzishiwa mapema, hurudi kwenye titi na mdomo mwembamba, wakabana ncha tu, mama akapata vidonda. Kinachotusumbua zaidi ni kinyume chake: mtoto ambaye tayari alikuwa anashika vibaya, pengine kwa sababu ya ulimi uliofungwa na ngozi fupi chini yake, akapewa chuchu bandia kwa kuwa "anataka kunyonya muda wote". Alitaka kunyonya muda wote kwa sababu hakuwa anapata. Mama mwenye maumivu yanayoendelea baada ya sekunde 30 za mwanzo, au ambaye chuchu yake hutoka mdomoni ikiwa imebanwa na kuchongoka, atafute kwanza mtu wa kumsaidia kumweka mtoto.

Mashirika makubwa yameshughulikia jambo hili kwa namna ambayo humchanganya mzazi anayesoma kwa haraka. Hatua Kumi za kufanikisha unyonyeshaji, zilizotolewa na WHO na UNICEF mwaka 1989, zilisema watoto wanaonyonya wasipewe chuchu bandia. Zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, hatua hiyo ikawa ya kuwashauri akina mama kuhusu matumizi na hatari zake, badala ya katazo tupu. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, ulikuta kwamba kwa akina mama waliodhamiria kunyonyesha na wenye watoto wenye afya waliozaliwa kwa wakati, kutumia chuchu bandia hakukupunguza kwa kiasi cha maana muda wa kunyonyesha hadi miezi 4. Maneno ya kusoma kwa makini hapo ni "waliodhamiria" na "wenye afya". Mama asiye na msaada, mwenye maumivu, anayesita, hayumo katika kundi hilo.

Kwa hiyo ushauri tunaoutoa, kwa mtoto anyonyaye titi, ni kungoja mpaka unyonyeshaji ukae sawa, na kwa wengi hiyo ni wiki ya 3 au ya 4. Dalili za kukaa sawa ni hizi: mama hana maumivu, mtoto anashika titi bila vita, unamsikia akimeza, ameupita uzito wa kuzaliwa na anaendelea kupanda. Mwenye wiki 3 ambaye hayo hayajatimia, asubiri. Anayelishwa maziwa ya kopo kwa chupa hana sababu ya kungoja hivyo, na mara nyingi ndiye anayeihitaji zaidi, maana chupa huisha kwa dakika chache na hamu ya kunyonya ikabaki. Watu hujibu hamu hiyo kwa kumwongezea maziwa, naye hutapika au hujaa tumbo likamuuma. Huyu, akiwa amemaliza kipimo chake na amecheua, kumpa chuchu bandia ni uamuzi mzuri.

Kuna jambo moja ambalo huwa halitajwi kwa akina mama wanaotegemea kunyonyesha kama njia ya kuchelewesha mimba. Njia hiyo hufanya kazi kwa masharti matatu pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya titi tu, mchana na usiku, bila kupitisha saa 4 mchana au saa 6 usiku. Chuchu bandia inayorefusha nafasi kati ya kunyonya na kunyonya huivunja. Mama wa aina hiyo azungumze na mtoa huduma kuhusu njia nyingine kabla hajaanza kuitumia kila siku.

Sasa upande wa faida, ambao nao ni wa kweli. Mtoto anayelazwa na chuchu bandia ana hatari ndogo zaidi ya kifo cha ghafla cha usingizini, na matokeo hayo yameonekana katika tafiti nyingi kiasi kwamba tangu mwaka 2005 Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani imekuwa ikishauri mtoto apewe anapolala, mchana na usiku, baada ya kunyonyesha kukaa sawa. Faida ipo hata ikidondoka akiwa amelala, kwa hiyo usiirudishe mdomoni mwa mtoto aliyekwisha kusinzia, wala usimlazimishe anayeikataa. Wala haichukui nafasi ya yale makubwa zaidi: alazwe chali, kwenye godoro gumu na bapa, pasipo mto, blanketi zito wala midoli, na pasipo moshi wa sigara. Mtoto anayelazwa kifudifudi akiwa na chuchu bandia hajalindwa.

Kwa watoto njiti iko faida nyingine. Wakilishwa kwa mrija, kunyonya chuchu bandia wakati maziwa yanashuka huwasaidia kuhamia mapema kwenye kunyonya wenyewe, na huweza kufupisha muda wa kukaa wodini. Huko hakuna cha kungoja wiki 4. Wauguzi ndio huongoza, wakitumia saizi ndogo mahususi. Vilevile mtoto yeyote anayechomwa sindano au kutobolewa kisigino kwa kipimo cha damu hupungukiwa maumivu akiwa ananyonya kitu. Titi hufanya kazi hiyo vizuri, na pale lisipowezekana, chuchu bandia yafaa.

Mara ya kwanza mpe akiwa ameshiba, amecheua, na hajafika kwenye kilio kikubwa. Mtoto anayelia kwa nguvu hupaliwa au huitema, na mzazi husema kimakosa kwamba haipendi. Mguse mdomo wa chini kwa ncha, ngoja afungue, acha aivute mwenyewe. Usiisukume. Akianza kuilegeza, ivute nje kidogo sana. Wengi huikaza papo hapo. Akiitema mara mbili au tatu, iache, jaribu siku nyingine au umbo jingine. Wapo watoto wasioitaka kabisa, na hao wamekuondolea kazi. Akiinyonya dakika chache kisha akaanza tena kugeuza kichwa na kutafuta, ana njaa: mpe titi, hata kama ametoka kunyonya nusu saa iliyopita. Usiishikilie mdomoni kwa mkono, usiikinge kwa kitambaa, na usiibandike kwa namna yoyote. Mtoto lazima aweze kuitema anapotaka kutapika au kupumua kwa mdomo. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mafua na pua iliyoziba usimpe mpaka umemfungua pua.

Mtoto aliye chini ya miezi 3 akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, au akikataa kunyonya, au akilegea, au kilio chake kikibadilika kuwa chembamba na cha maumivu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Watoto wa umri huo huweza kunyamazishwa na chuchu bandia huku ugonjwa ukiendelea. Mwenendo tunaousihi ni huu: kabla ya kuitia mdomoni, mshike shingo kuona joto, fungua nepi, fikiria alinyonya lini. Haichukui dakika moja.

Chombo chenyewe kitazamwe kwa ukali. Bora ni kile kilichotengenezwa kwa kipande kimoja, kwa kuwa vya vipande viwili huweza kuachana, na kile kinachobaki mdomoni kikaziba koo. Kisahani kinachokaa nje ya midomo kiwe kigumu, kipana kuliko mdomo wa mtoto, angalau sentimita 3.8, na kiwe na matundu ya hewa, yasiyopungua mawili, ili hata kikiingia mdomoni bado apumue. Chukua saizi ya umri wake. Ya mtoto wa miezi 6 ni ndefu mno kwa kichanga na humfanya ajisikie kutapika, na ya kichanga kwa mtoto mkubwa ina kisahani kidogo kinachoweza kuzama. Usitengeneze ya kwako kwa chuchu ya chupa iliyojazwa pamba au kitambaa. Tunaliona hili mara nyingi, na ni la hatari: chuchu ya chupa haikuundwa kukaa bila chupa, huchomoka kwenye pete yake kwa mvuto wa kawaida wa mtoto.

Kati ya silikoni na mpira wa asili, silikoni ndiyo tunayoielekea. Haina rangi, haishiki harufu, huvumilia kuchemshwa, na haina hatari ya mzio wa mpira. Udhaifu wake ni kwamba ikishapata mkato mdogo wa jino, huendelea kuchanika hadi kipande kinyofoke. Mpira wa asili, ule wa rangi ya kahawia, ni laini na haukatiki kirahisi kwa meno, lakini joto na jua huuharibu: huvimba, hunata, hupoteza umbo. Yoyote utakayochagua, kila siku ivute kwa nguvu pande zote, ikunje, itazame kwenye mwanga. Ukiona ufa, kunata, kubadilika rangi au kulegea, itupe. Hata ikionekana nzima, ibadilishe kila baada ya mwezi 1 hadi 2. Meno yakianza, ukaguzi uwe wa kila unapompa.

Kamba shingoni hairuhusiwi kamwe, hata fupi, hata kwa dakika za kutoka nje. Kamba hunasa kwenye kitanda na kumnyonga mtoto bila sauti. Ukitaka isianguke, tumia kishikizo cha nguo chenye utepe mfupi. Kiwango cha Ulaya cha vishikizo hivyo huweka ukomo wa sentimita 22. Nacho kitolewe anapolala. Vivyo hivyo vidoli vinavyoning'inia na shanga.

Kabla ya kuitumia mara ya kwanza ichemshe dakika 5 ikiwa imezama yote. Maji ya moto hubaki ndani ya ile sehemu yenye uwazi, na yameshawaunguza watoto. Ibonyeze yatoke, kisha ingoje ipoe kabisa. Hadi miezi 6 ichemshe kila siku, na ikianguka chini ichukue nyingine safi, ndiyo maana inafaa kuwa nazo 3. Baada ya miezi 6 maji ya moto na sabuni vinatosha, ukiisuuza vizuri. Ikauke wazi na ihifadhiwe kwenye kopo kavu lenye kifuniko, kwani unyevu uliofungiwa ndio unaofuga fangasi. Usiisafishe kwa kuilamba. Mdomo wa mtu mzima hubeba bakteria wanaoozesha meno, na mwenye vidonda vya midomoni vya virusi vya herpesi huweza kumpa kichanga maambukizi yanayoua.

Usiichovye kwenye kitu chochote kitamu. Sukari huozesha meno yanayotoka. Asali kwa aliye chini ya miezi 12 ni sumu kwa maana halisi, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vya botulizimu vinavyolegeza misuli, pamoja na ile ya kupumulia. Mwaka 2018 watoto wanne katika jimbo la Texas nchini Marekani walilazwa kwa ugonjwa huo baada ya kutumia chuchu bandia zilizojazwa asali.

Utando mweupe kwenye ulimi na mashavu ya ndani usiofutika kwa kitambaa ni fangasi. Atibiwe mtoto, na mama anyonyeshaye atibiwe pamoja naye, na muda wote wa dawa chuchu bandia ichemshwe kila siku. Dawa ikiisha, zote zitupwe uanze na mpya. Ukitibu mdomo ukaacha chombo, ugonjwa unarudi. Wekundu unaozunguka midomo ni mate yaliyofungiwa chini ya kisahani. Mkaushe, mpumzishe kwa saa kadhaa, chagua kisahani kilichopinda kuelekea nje.

Masikio ni sababu kubwa ya kuanza kupunguza kuanzia miezi 6. Kunyonya mfululizo huvuruga hewa inayopita kati ya koo na sikio la kati, na majimaji ya kooni hupanda. Katika jaribio lililofanyika Ufini na kuchapishwa mwaka 2000, wazazi walielezwa waitumie tu mtoto anapolala, na maambukizi ya sikio yalipungua kwa asilimia 29 hivi yakilinganishwa na ya kundi lililoendelea kama kawaida. Kwa hiyo mtoto ambaye ameumwa masikio mara mbili ndani ya miezi michache, tunashauri aachishwe bila kungoja. Hatari ya kifo cha ghafla nayo huwa imeshuka sana baada ya miezi 6, hivyo mizani ya faida na hasara imekwisha kugeuka.

Usingizi nao hubadilika kwenye mwezi wa 4 hivi. Mtoto huanza kuamka nusunusu kila baada ya saa moja hivi, na akiwa amezoea kusinzia na kitu mdomoni, hukitaka tena kila mara. Hawezi kukirudisha mwenyewe mpaka mikono yake ipate ustadi, kwenye miezi 7 au 8. Katikati hapo wazazi huamka mara tano, mara sita kwa usiku, kuirudisha tu. Ukifika hapo una njia mbili za kweli: kuvumilia mpaka aweze kuiokota mwenyewe, au kuiachisha sasa. Sisi huelekea kwenye kuiachisha, kwa sababu mtoto wa miezi 5 au 6 husahau upesi zaidi kuliko wa mwaka mmoja na nusu.

Wapo wanaohofu kwamba akinyimwa atanyonya kidole. Inawezekana. Kidole hakidondoki, hakina gharama, hakitupwi, na kwa kawaida tabia hiyo huendelea miaka mingi kuliko chuchu bandia. Kwa mtoto ambaye anaonekana wazi kuwa na hamu kubwa ya kunyonya, hili ni jambo la kuzingatia upande wa kumpa.

Kuachisha huenda vizuri kukifanywa kwa awamu. Anza na mchana: chuchu bandia isitoke mahali pa kulala. Anayeamka anaiacha hapo, na kila anayemlea mtoto afuate sheria ile ile, kwa kuwa mtu mmoja akimpa kwa siri mtoto hujifunza kulia mpaka apate. Baada ya wiki moja ondoa ya usingizi wa mchana, kisha ya usiku. Usiku wa kwanza hadi wa tatu ndio mgumu. Kaa naye, mpapase, mwimbie, mbebe, ila usiirudishe. Usianze akiwa mgonjwa, anaota meno kwa maumivu, mnahama, au amezaliwa mdogo wake. Usiikate ncha ili akose utamu, maana kipande huweza kunyofoka na kumpalia. Usiipake shubiri wala pilipili. Pilipili hufika machoni.

Lengo ni kumaliza kufikia miezi 12, anapoanza maneno. Mtoto mwenye kitu mdomoni kutwa huzungumza kidogo na huzungumziwa kidogo. Akichelewa, basi asivuke miaka 3. Kunyonya kwa muda mrefu huacha uwazi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, na huweza kulifanya taya la juu kuwa jembamba, meno ya pembeni ya juu yakafungia ndani ya yale ya chini. Uwazi wa mbele mara nyingi hujifunga wenyewe tabia ikikoma mapema. Taya jembamba halirudi kwa urahisi hivyo. Umbo linalouzwa kuwa ni rafiki wa meno halibadilishi hilo. Kinachohesabika ni saa ngapi kwa siku na miezi mingapi. Mtoto aliyeacha, ambaye miezi kadhaa baadaye meno yake ya mbele bado hayakutani au taya lake huteleza upande mmoja anapouma, aonwe na daktari wa meno kabla meno ya ukubwani hayajaanza kutoka, yaani kabla ya miaka 6 hivi.